Nyumba Isiyopata Mpangaji

Katika mali ambazo wazee hutuachia, nyumba ya kupangisha huhesabiwa kuwa mali isiyo na taabu. Hudhaniwa kuwa mtu akishajenga kuta na kuezeka, kazi yake imekwisha, na kilichobaki ni kukaa barazani na kungojea kodi. Sisi tuliokuwa na fikra hiyo tumefunzwa vingine, na twapenda kuwaeleza ndugu wasomaji, hasa vijana watakaorithi nyumba au kuzijenga, yale yaliyotupata, huenda yakawafaa.

Sisi twakaa Ruangwa, na kazi yetu ni kuwasomesha watoto Kurani. Ndugu yetu alipofariki dunia aliacha watoto watatu na nyumba moja mjini Nachingwea, na jamaa wakatuweka sisi kuwa waangalizi wa mali hiyo. Kodi ya nyumba ndiyo iliyokuwa chakula, sare na madaftari ya mayatima hao. Kwani ingawa ada ya shule za Serikali imeondolewa, mtoto hawezi kwenda shule bila viatu, wala kusoma na njaa. Basi nyumba ile, baada ya mpangaji wake kuhama, ilikaa tupu miezi minane.

Mwanzo tuliulaumu mji. Tulisema kuwa Nachingwea ni mahali pa watu wanaokuja na kuondoka, na maneno hayo yana asili yake. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza katika Tanganyika mpango mkubwa wa kulima karanga, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ilifyekwa, nyumba zikajengwa, na reli ikaletwa Nachingwea kutoka pwani. Mpango ule ulishindwa, ukaachwa mwaka 1951 baada ya kupotea paundi zipatazo milioni 36. Na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha wakaja wapigania uhuru wa FRELIMO, wakafanya mafunzo yao hapo mpaka Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, nao wakarejea kwao. Tukajifariji kwa historia hiyo, tukasema kwamba nyumba tupu si jambo geni Nachingwea.

Lakini hoja yetu ilikuwa dhaifu. Miezi ile ile ambayo nyumba yetu ilikuwa tupu, walimu, wauguzi na watumishi wa Halmashauri walikuwa wakitafuta mahali pa kukaa katika mtaa ule ule, na nyumba za majirani zilikuwa na watu. Mji haukuwa na kosa.

Tukamwendea dalali. Desturi ya madalali wetu ni kuchukua kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wao, na hilo si baya ikiwa kazi imefanywa kwa uaminifu. Alituletea watu wanne. Kila mmoja aliitazama nyumba, akaisifu, akasema atarudi, asirudi. Dalali akatushauri tupake rangi mpya. Tukapaka, rangi ikapendeza, na nyumba ikabaki tupu.

Hapo tukaona heri tumwulize yule aliyeihama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama mwenye watoto wawili. Tulisafiri mpaka Nachingwea, tukapiga hodi kwake, naye akatukaribisha kwa heshima, akatupa kiti na maji ya kunywa.

"Maalimu," akasema, "mkitaka niseme kweli nitasema, ila msinikasirikie."

Tukamjibu, "Sema, binti yetu. Hilo ndilo tulilolifuata."

"Nilipohamia mlinionyesha dari safi iliyopakwa chokaa. Mvua ya kwanza ya Desemba maji yakashuka juu ya kitanda cha mwanangu. Nikawapigia simu, mkasema mtamleta fundi. Fundi hakuja mpaka mwezi wa Machi. Nyumba kuvuja si ajabu, Maalimu, hata kwetu nilikozaliwa huvuja. Kilichoniuma ni kwamba mlikuwa mkijua."

Tulinyamaza. Wiki ile ile tulikuwa tumewasomesha watoto habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta ndani imelowa, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wapate kuiona. Tuliwaeleza watoto maana yake vizuri sana. Hatukutambua kuwa lundo lile lilikuwa letu, na chokaa ndiyo nafaka kavu tuliyoitandaza juu.

Yule mama akaendelea kutuhesabia. Mita ya umeme ilikuwa moja kwa nyumba kubwa na vyumba vya uani, kila mmoja akimdhania mwenziwe kuwa hanunui Luku. Tena tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo katika Luku. Basi yeye aliyekuwa mpangaji alikuwa akilipa kodi ya jengo la watu wengine, wala hatukupata kumrudishia. Jamaa yetu aliyekaa uani alikuwa akiingia sebuleni bila hodi, akiuliza mgeni huyu ni nani na ataondoka lini. Hali katika Sura An-Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba za wengine bila kuomba ruhusa na kutoa salamu. Nyumba ukishaipangisha, kuta ni zako, lakini faragha iliyomo ni ya mpangaji.

La mwisho ni kodi. Tulitaka shilingi 120,000 kwa mwezi, na tulitaka ya mwaka mzima kwa mara moja, yaani shilingi 1,440,000. Wilaya zetu hupata fedha kwa majira: ufuta huuzwa katikati ya mwaka, na minada ya korosho huanza mwezi wa Oktoba. Mwenye mashamba aweza kulipa miezi mingi baada ya mnada. Lakini mwalimu na mwuguzi hupokea mshahara wa kila mwezi, na kumtaka alipe mwaka mzima ni kumsukuma akakope, na pengine akope kwa riba. Sisi tunaohubiri ubaya wa riba tulikuwa tukiwaonyesha watu njia ya kwenda kuitafuta.

Tuliporudi Ruangwa tuliwaita jamaa, tukawaeleza yote. Kisha tukafanya mambo manne. Kwanza, tulileta fundi akabadili mabati yaliyooza na mbao mbili za paa. Gharama yake ilikuwa shilingi 210,000. Pili, nyumba ikapata mita yake peke yake, na kodi ya jengo ikawa hupunguzwa katika kodi ya mpangaji. Tatu, kodi tuliishusha ikawa shilingi 100,000, ikilipwa kwa miezi mitatu mitatu. Nne, tuliandika mkataba mbele ya mashahidi wawili, ukieleza nani hutengeneza nini, na kwamba hakuna wa kuingia bila hodi. Yule mama tulimrudishia fedha zake za kodi ya jengo.

Hatukumrudia dalali. Yule mama mwenyewe ndiye aliyemwambia mwuguzi mmoja kwamba nyumba ile sasa yafaa. Mwuguzi alipokuja tulimwonyesha paa jipya, kisha tukampeleka chumba cha nyuma, ambako ukuta hupata unyevu wakati wa masika, tukamwambia kabla hajauliza. Akacheka, akasema, "Basi humo nitaweka ndoo na masufuria." Akahamia wiki ile ile, naye yumo mpaka leo.

Ndugu wasomaji, fanyeni hesabu pamoja nasi. Miezi minane kwa shilingi 120,000 ni shilingi 960,000. Kwa kukwepa matengenezo ya shilingi 210,000 tuliwapotezea mayatima zaidi ya mara nne ya fedha hizo. Hasara ni yao, na kosa ni letu. Kwa hiyo tumekubali mbele ya jamaa kuilipa kidogo kidogo kutoka katika kipato chetu, na mpaka sasa bado twalipa.

Hapa Ruangwa wako wanaojenga nyumba za kupangisha kwa kutumaini neema ya madini ya kinywe. Hilo ni jambo jema. Lakini mwenye nyumba asiyepata mpangaji, kabla hajaulaumu mji, soko au dalali, na amwendee yule aliyehama, amwulize kwa upole, na avumilie jibu lake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika ijara zetu, na azilinde mali za mayatima na uzembe wa waangalizi wao. Amin.