Alama ya Gego katika Sindromu ya Joubert

Mtoto mchanga mwenye sindromu ya Joubert huwa mlegevu wa misuli, na mara nyingi pumzi zake huenda mbio kwa muda kisha zikasita, huku macho yakishindwa kugeukia kitu upesi kama inavyotarajiwa. Lakini dalili hizi huonekana pia katika maradhi mengine, na ndiyo maana utambuzi hutegemea zaidi picha ya MRI, yaani picha ya viungo vya ndani inayopatikana kwa nguvu ya sumaku. Marie Joubert na wenzake walipoueleza ugonjwa huu mwaka 1969 huko Montreal, Kanada, kwa kuchunguza watoto wa familia moja, kasoro waliyoisisitiza ilikuwa kukosekana kwa vermi, sehemu ya katikati inayounganisha pande mbili za serebela, ambayo ni ubongo mdogo ulio kisogoni.

Upungufu wa vermi peke yake, hata hivyo, haumalizi shauri, kwa kuwa hupatikana pia katika kasoro ya Dandy-Walker, ambamo uwazi wenye maji hutanuka nyuma ya ubongo. Kinachotofautisha ni mkato wa kulala wa picha ya MRI unaopita pale ubongo wa kati unapokutana na ponsi, sehemu ya shina la ubongo iliyo chini yake: vikonyo vya juu vya serebela, yaani mafungu ya nyuzi yanayopanda kutoka humo, huonekana vinene, virefu na vimelala, na bonde lililo mbele ya ubongo wa kati huwa na kina kuliko kawaida, hata umbo lote likafanana na jino la gego lenye mizizi yake. Kwa kawaida nyuzi hizo huvuka kwenda upande wa pili. Hapa hazivuki, jambo ambalo picha zinazofuatilia mwelekeo wa nyuzi zimelithibitisha, na kwa maoni ya mwandishi hilo ndilo lenye uzito kuliko jino lenyewe.

Chanzo kiko katika jeni, zaidi ya 30 zinazojulikana, ambazo karibu zote huhusika na silia, vinywele vidogo mno vya seli vinavyopokea ishara za ukuaji. Kwa kuwa silia zimo pia katika figo, ini na retina, gego lililoonekana vizuri halisemi kama mtoto atapofuka au figo zake zitashindwa, wala halipimi ukali wa ulemavu wake. Viungo hivyo hupaswa kupimwa tena na tena kwa miaka, hata pale vipimo vya kwanza vinapokuwa safi.