Rangi Ije Mwisho

Mpangaji akishapakia vyombo vyake na kuondoka, wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam humpigia dalali siku hiyohiyo, kisha humwita fundi rangi. Haraka hiyo inaeleweka, maana nyumba isiyo na mtu haina kodi. Lakini siku hizo chache ndizo pekee ambazo fundi anaufikia ukuta wote, sakafu yote na mabomba yote bila kusogeza kitanda cha mtu. Kuzimaliza kwa rangi peke yake ni kuficha maradhi. Kazi ianzie kwenye maji na umeme, rangi ije mwisho.

Ukuta wenyewe ni shahidi. Rangi iliyopakwa juu ya unyevu wa bomba linalovuja huvimba, hubanduka na kuota ukungu, kisha mwenye nyumba hulipia rangi mara ya pili huku bomba likiendelea kuvuja. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza maelfu ya lita kwa mwaka, na wapangaji wanaochangia mita moja huishia kugombania bili. Kunguni nao hawafi kwa sababu watu wamehama: huweza kukaa miezi bila kunyonya damu, na mayai yao huanguliwa ndani ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo dawa ipigwe, kisha irudiwe baada ya wiki mbili hivi, kazi ambayo ni nyepesi kabla magodoro hayajaingia. Kitasa nacho kibadilishwe, kwani hakuna ajuaye funguo ngapi zilichongeshwa.

Wapo watakaosema kila siku ya matengenezo ni hasara. Tupige hesabu: nyumba ya shilingi 300,000 kwa mwezi ikikaa tupu wiki mbili, inakosa kama 140,000. Mpangaji mpya akihama mapema kwa kuchoshwa na choo kinachoziba, na nyumba ikangoja mwingine mwezi mzima, zimekwenda 300,000 na choo bado kimeziba. Wengine hudai wapangaji huharibu tu, ya nini kujisumbua. Waharibifu wapo, ila asiyekuwa na picha za vyumba, namba za mita ya maji na orodha ya vitu iliyosainiwa siku ya makabidhiano hana la kumdai yeyote, kwa kuwa hawezi kuonyesha kioo kilipasuka zamani au jana. Kumwachia mpangaji atengeneze mwenyewe na kukata kwenye kodi kunawezekana, mradi kiasi kiandikwe kabla hajaingia.

Basi kabla ya kumpigia dalali, fungua kila koki, mwaga maji kila choo, washa kila taa. Kitakachogoma, kiitie fundi bomba au fundi umeme. Fundi rangi asubiri zamu yake.