Mzazi Anayelea Peke Yake Anaporudi Kutafuta Kazi

Mzazi anayelea peke yake hutafuta kazi akiwa amebanwa pande mbili: mshahara anauhitaji kuliko wengi alio nao kwenye foleni ya usaili, lakini saa za kuutumikia anazo chache. Nchini Tanzania wengi wao ni wanawake. Wapo wajane, wapo waliotalikiwa, na wapo ambao baba wa mtoto alijitoa mapema. Kuna waliokuwa na kazi nzuri benki, shuleni au hospitalini, wakaiacha kwa kukubaliana na mwenzi kwamba mmoja abaki nyumbani kulea. Kifo au talaka ilipoingia, yule aliyebaki nyumbani ndiye aliyejikuta hana kipato wala uzoefu wa karibuni. Wengine waliacha kazi kwa sababu mtoto alizaliwa na ulemavu au maradhi ambayo hayakuruhusu aachiwe mtu mwingine.

Mara nyingi umri wa mtoto ndio unaoamua mzazi atarudi lini. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, mwaka mmoja wa elimu ya awali ni wa lazima, na darasa hilo hufundishwa katika shule za msingi za serikali. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Elimu bila ada ikafikishwa kidato cha nne mwaka 2016 na kidato cha sita mwaka 2022. Kwa hiyo mtoto anapoandikishwa darasa la awali, mzazi huona mwanya: sehemu ya siku mtoto yuko mikononi mwa mwalimu, tena bila ada. Mwanya huo ni mdogo kuliko unavyoonekana. Watoto wa awali hutoka mapema, na mama anayeishi Mbagala, Dar es Salaam, akipata kazi Posta, katikati ya jiji, anaweza kuondoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia.

Ndiyo maana kutafuta kazi kwa mzazi wa namna hii kunapaswa kuanzia kwa mtoto kabla ya kufika kwenye barua ya maombi. Nani atampeleka shule, nani atampokea, atakula wapi mchana, na yule wa kumpokea akiugua itakuwaje? Wanaoruka maswali haya hupata kazi na kuipoteza ndani ya miezi michache, na kupoteza kazi kwa njia hiyo huumiza zaidi kuliko kutoipata, kwa sababu mwajiri aliyekatishwa tamaa hawezi tena kuwa mdhamini.

Njia zinazotumika ni chache na zinajulikana. Ya kwanza ni bibi: mtoto hupelekwa kijijini, au bibi huletwa mjini. Ya pili ni dada wa kazi. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyeishi hapo. Ukiongeza chakula cha dada huyo na nauli ya mzazi mwenyewe, mshahara mdogo wa kuanzia unaweza kuyeyuka wote. Hesabu hii ifanywe kwa kalamu na karatasi kabla ya kukubali kazi, na bila aibu. Ya tatu ni kituo cha kulelea watoto mchana. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009 vituo hivi vinatakiwa kusajiliwa, na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kuuliza kipi kina usajili. Mwishoni mwa 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohimiza malezi bora tangu mtoto anapozaliwa hadi miaka minane. Hata hivyo mitaa mingi bado haina kituo ambacho mzazi wa kipato kidogo anaweza kukilipia, na jirani mwaminifu anabaki kuwa tegemeo.

Malezi yakishapangwa, zinafuata karatasi. Aliyekaa nyumbani miaka mingi hugundua kwamba cheti kimoja kiliachwa kwa wakwe, kingine kililoa maji ya mvua, na jina la kwenye kitambulisho cha taifa halilingani na la kwenye cheti cha kidato cha nne kwa sababu kimoja kina jina la baba na kingine la mume. Tofauti ya majina imewaangusha waombaji wengi wenye sifa. Hurekebishwa kwa hati ya kisheria inayoandaliwa na wakili, na inafaa kushughulikiwa mapema kwa kuwa matangazo ya kazi hutoa siku chache tu. Kwa cheti kilichopotea, kwa kawaida hatua ya kwanza ni ripoti ya polisi, ndipo Baraza la Mitihani lifuatwe. Kwenye taaluma zenye leseni kuna jambo la ziada. Muuguzi, kwa mfano, haajiriwi kwa cheti cha chuo peke yake; lazima leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iwe hai, na kuihuisha kunaambatana na masharti ya kujiendeleza kitaaluma.

Kazi za serikali huombwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mwombaji hufungua akaunti kwa namba ya kitambulisho cha taifa, hupakia vyeti vilivyothibitishwa na wakili, wasifu wake na majina ya wadhamini, kisha husubiri kuitwa kwenye usaili. Wanaofaulu lakini nafasi zikawa zimejaa majina yao huwekwa kwenye kanzidata, na huweza kupangiwa kituo baadaye bila kusailiwa upya. Kwa hiyo kukosa nafasi mara ya kwanza si mwisho wa habari. Sharti linalomgusa zaidi mzazi aliyekaa nyumbani ni la umri: asiyekuwa tayari mtumishi wa umma anatakiwa asizidi miaka 45. Aliyeacha kazi akiwa na miaka 34 na kulea watoto wawili hadi wakamaliza msingi anaufikia mpaka huo upesi sana. Ni haki kuuliza kama sharti hilo linawatendea sawa waliotumia miaka yao kulea raia, lakini maadamu lipo, mwenye miaka 42 anayetaka kurudi ualimu au utabibu serikalini hapaswi kuahirisha maombi hata mwaka mmoja.

Sekta binafsi haina mpaka huo wa jumla, ila ina tabia ya kuajiri kwa kujuana. Shule binafsi hutafuta walimu, wapishi na matroni kwa kuulizana; maduka ya Kariakoo hupata wauzaji kupitia ndugu na majirani; viwanda vya nguo vya Mabibo na mashamba ya maua ya Arusha huajiri wanawake wengi, na habari za nafasi husambaa haraka kwa walio ndani. Aliyejifungia nyumbani miaka saba amepoteza mtandao huo. Kuujenga upya ni sehemu ya kazi yenyewe ya kutafuta kazi: kuwapigia simu waliosoma naye, kumtembelea bosi wa zamani, na kusema wazi msikitini, kanisani na kwenye kikoba kwamba anatafuta kazi, tena ataje ni kazi gani. Anayesema anatafuta kazi yoyote husahaulika, kwa sababu msikilizaji hajui amkumbuke penye jambo gani.

Katika wasifu, miaka ya nyumbani isifichwe. Mwajiri akikuta pengo kati ya 2017 na 2024 bila maelezo hufikiria mabaya zaidi ya ukweli. Mstari mmoja unatosha kusema kwamba muda huo ulitumika kulea, kisha yafuate yaliyofanyika ndani yake na yanayoweza kuthibitishwa. Aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa ameshika fedha za watu na daftari lake lipo. Aliyekaa kwenye kamati ya shule amesimamia michango na ujenzi, na mwalimu mkuu anaweza kumdhamini. Aliyeshona sare au kuuza vitafunwa kwa oda ana wateja wa kumsemea. Mambo haya yana uzito mbele ya mwajiri yakiwa na jina la mtu wa kuulizwa. Bila hilo hubaki maneno matupu.

Kwenye usaili, swali la nani atabaki na mtoto huulizwa karibu kila mara, na huulizwa wanawake zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi unaotokana, pamoja na mengine, na jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, na ulinzi huo unamhusu pia anayeomba kazi. Kushinda shauri la ubaguzi wakati wa usaili ni kugumu kwa sababu sababu halisi ya kukataliwa haiandikwi popote. Lakini kuijua sheria humpa mwombaji utulivu wa kujibu kwa ufupi kwamba malezi yamepangwa, na kuyarudisha mazungumzo kwenye kazi. Hana wajibu wa kueleza ndoa yake ilivyovunjika. Na popote anapoambiwa atoe fedha ili jina lake lipite, aondoke. Sekretarieti ya Ajira imekuwa ikitahadharisha waombaji dhidi ya matapeli wa aina hiyo.

Wapo wasio na cheti cha kuonyesha, hasa walioacha shule kwa ujauzito. Novemba 2021 serikali iliondoa zuio lililowafungia wasichana hao nje ya shule za kawaida, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina njia ya sekondari kwa waliokatiza masomo. Kwa mwenye ujuzi wa mikono, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mpishi, fundi cherehani au msusi aliyejifunza kwa vitendo hupimwa na kupewa cheti. Cheti hicho kinaweza kumtoa mtu kwenye kibarua cha siku na kumfikisha kwenye mkataba wa jikoni la hoteli au la shule.

Kwa wengi, kipato cha kwanza hutoka kwenye biashara ndogo wakati kazi ikiendelea kutafutwa. Genge mbele ya nyumba, mama lishe karibu na eneo la ujenzi, saluni ya chumba kimoja: shughuli hizi zina faida kubwa ya kumruhusu mzazi kukaa karibu na mtoto. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia nne ikiwa ya vikundi vya wanawake, nne vijana na mbili watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mlango wake. Mkopo wa kuogopwa ni ule uliopewa na wakopaji wenyewe jina la kausha damu, wenye marejesho ya kila siku au kila wiki. Unaweza kuchukua cherehani, friji na godoro kabla biashara haijasimama.

Msaada mwingine hauombwi kwa mwajiri. Mzazi aliyeondoka bado ana wajibu wa matunzo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamwekea baba wajibu huo hata kama mtoto haishi naye, na Sheria ya Mtoto inaruhusu kuomba amri ya matunzo hata pale wazazi hawakuoana. Ofisi ya ustawi wa jamii hujaribu kwanza kupatanisha, na ikishindikana shauri huenda mahakamani. Wanawake wengi huona kudai matunzo ni kujidhalilisha. Fedha hiyo ni ya mtoto, na kwa mzazi anayetafuta kazi inaweza kuwa ndiyo nauli ya kwenda kwenye usaili.

Wanaume wanaolea peke yao ni wachache na huonekana kidogo zaidi. Likizo ya uzazi kwa baba chini ya sheria ya 2004 ni siku tatu, ilhali mama ana siku 84, na mwajiri aliyezoea mpangilio huo hushangaa mwanaume anapoomba kuondoka mapema kumchukua mtoto. Baba wa namna hii hana budi kulisema jambo lake waziwazi kabla ya kusaini mkataba.

Kazi ikipatikana, miezi sita ya mwanzo ndiyo ya hatari. Katika muda huo, kwa mujibu wa sheria ya 2004, mfanyakazi hajaanza kulindwa na masharti ya kuachishwa kazi isivyo halali, wala kwa kawaida hastahili likizo yenye malipo. Akishavuka hapo ana haki, pamoja na likizo ya mwaka, ya siku nne zenye malipo mtoto anapougua, na anayenyonyesha huruhusiwa hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Kabla ya hapo mtoto akipata homa usiku, sheria haimpi nafasi kubwa. Inafaa basi mtu wa pili wa kukaa na mtoto awe ameshatafutwa na kuelekezwa nyumbani kabla ya siku ya kwanza ya kazi, awe na namba ya simu ya ofisini, na ajue zahanati ilipo.