Kikombe cha Mtoto na Mafunzo ya Mdomo

Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, ni mahali ardhi inapotoa mvuke. Mtambo wa kwanza wa kuufanya mvuke huo umeme ulianza kazi mwaka 1981. Mzaliwa wa Pwani akipata kazi huko huhamia na jamaa yake, akawa mbali na bibi na shangazi wa kumwonyesha mama namna ya kumlea mwana. Basi leo tuzungumze jambo dogo ambalo wakubwa hao wangelisimamia: kikombe cha mtoto.

Asubuhi za nyanda zile za juu zina baridi, na mama ana haraka. Aghalabu mtoto hupewa chupa yenye chuchu, au kikombe chenye kifuniko na kidomo cha kunyonyea kisichomwaga. Ni rahisi, lakini kina gharama yake. Anyonyaye kidomo husukuma ulimi mbele, kama mtoto mchanga. Anywaye kikombe kilicho wazi hufunga midomo ukingoni, akatuliza taya, akarudisha ulimi nyuma ndipo ameze.

Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba kila herufi ina makharija yake. Ibn al-Jazari aliyahesabu 17. Ba na mimu hutoka kwenye midomo miwili, fa kwenye meno ya juu na mdomo wa chini. Midomo na ulimi huo huo ndio wa kunywea. Lakini tusitie chumvi: kikombe hakimfundishi mtoto kusema. Kinachomfundisha ni kusemeshwa. Kikombe huzoesha viungo tu, nayo chupa inayokaa mdomoni kutwa humnyima mtoto nafasi ya kujibu.

Chagua kikombe kidogo, chepesi, chenye ukingo mnene usiokwaruza, kinachosafishika kote. Tia maji kidogo tu. Mtoto wa miezi sita, anapoanza uji, mketishe wima, uguse mdomo wake wa chini kwa ukingo, umwache avute mwenyewe, usimmiminie. Akikaribia mwaka atakishika kwa mikono miwili. Atamwaga, naam, lakini kitambaa kipo. Madaktari wa watoto hushauri chupa iachwe kati ya miezi 12 na 18. Kikombe cha kidomo kiwe cha safarini. Ziwa la mama halimo katika hesabu hii. Muda wake wa miaka miwili kamili twaujua.

Na adabu yetu yasaidia. Mtume (s.a.w.) alimfunza kijana Umar bin Abi Salama kutaja jina la Mwenyezi Mungu na kula kwa mkono wa kulia, naye mwenyewe alikuwa akipumua mara tatu anapokunywa. Mtoto anayepiga funda, akapumzika, akapiga jingine, hapaliwi ovyo.

Kwa wakaao Bonde la Ufa, yatazameni pia yaliyomo kikombeni. Maji ya visima vingi vya huko yana madini ya floraidi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Madini hayo hutia meno madoa ya kahawia tangu yangali ndani ya ufizi, na kuchemsha hakuyaondoi. Maji yakipungua huzidi kukolea. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa ni bora kwa mtoto. Chai ya sukari ya kunyonya kutwa huozesha meno.

Mtoto akitimiza miaka miwili bila kuunga maneno mawili, kama “mama maji”, au akipaliwa kila anywapo, asingojewe kwa kuambiwa “atasema tu”. Apelekwe kliniki, na masikio yake yapimwe. Samaki mkunje angali mbichi.