Kijito, gridi na samaki wa Mweru: hesabu ya umeme wa nyumbani

NCHELENGE, Zambia. Soko la samaki la Kashikishi huamka kabla ya jua. Mitumbwi inaposhusha samaki, wanunuzi wa Zambia na wenzao waliovuka kutoka Kilwa na Pweto, upande wa Kongo, huanza kupatana bei. Wa dagaa, ambao hapa huitwa chisense, hana haraka sana, jua litawakausha. Mwenye pale na samaki wengine wakubwa anauliza swali moja tu: leo umeme upo?

Umeme ukikatika, barafu huyeyuka na bei hushuka kabla ya jioni. Mwaka 2024 wachuuzi walilijua hilo kwa machungu. Serikali ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa Februari 29 mwaka huo, mikoa 7 kati ya 10 ilitajwa. Luapula haikuwamo. Mvua ilinyesha na mito ilitiririka, lakini taa zilizimika vilevile, kwa kuwa gridi ni moja na sehemu kubwa ya umeme wake hutegemea mitambo ya maji ya kusini, ikiwamo ya Kariba.

Ndiyo maana wenye mashamba kando ya vijito wanauliza: kwa nini maji yapite bure mlangoni?

Maji yapo, mwinuko uko wapi?

Umeme wa maji hutaka vitu viwili: wingi wa maji na kimo cha kuanguka. Ufukwe wa Nchelenge ni tambarare, kwa hiyo mwenye nyumba ya ziwani hana la kufanya. Kimo kiko bara, kuelekea Kawambwa, penye maporomoko ya Ntumbachushi, na kwenye mto Kalungwishi wenye maporomoko ya Lumangwe, Kabwelume na Kundabwika kabla haujaingia ziwani. Huko Mwense, mtambo wa Musonda kwenye mto Luongo umepanuliwa kutoka megawati 5 hadi 10.

Kwa nyumba moja, hesabu ni ndogo. Elekeza maji yote ya kijito kwenye ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 2, una lita 10 kwa sekunde. Yakiteremshwa kwa bomba kimo cha mita 10, maji hayo yana nguvu ya wati 980 hivi. Mtambo mdogo huambulia karibu nusu yake, yaani wati 500. Ni kidogo, lakini hazilali: kwa saa 24 ni uniti 12, zinazotosha majokofu matatu hivi ya kugandishia. Asiye na kijito anaweza kuingia ubia na aliye nacho, barafu igandishwe bara na kuteremshwa Kashikishi.

Gridi kama ghala

Hesabu inageuka unapotazama kalenda. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa upande wa Zambia. Miezi hiyo ndiyo ya mvua: kijito kimejaa, majokofu ni matupu. Septemba na Oktoba samaki wapo, joto ni kali, na kijito kimenywea.

Betri haiwezi kutunza umeme wa Januari hadi Oktoba. Gridi inaweza, kwa njia ya daftari: unaipa uniti zako za ziada, mita ya njia mbili inazihesabu, nawe unazidai baadaye. Kenya iliweka utaratibu huo katika Sheria ya Nishati ya 2019 kwa mitambo isiyozidi megawati 1. Zambia nayo imeufungulia mlango, chini ya usimamizi wa Bodi ya Udhibiti wa Nishati, ERB. Tanzania ina mifano mikubwa zaidi: masista Wabenediktini wa Chipole, Songea, wanauzia TANESCO umeme wa mtambo wao wa Tulila wa megawati 5, na mtambo wa Mwenga wa megawati 4 huko Mufindi unauzia TANESCO na kuhudumia vijiji.

Mitego mitatu

Wa kwanza ni kudhani kuunganishwa kunakuokoa na mgawo. Mtambo uliofungwa kwenye gridi lazima ujitenge gridi inapozimika, la sivyo unaipeleka shoti kwa fundi aliyepanda nguzo akijua laini imekufa. Anayetaka jokofu liendelee kufanya kazi wakati wa giza anahitaji swichi ya kujitenga na kidhibiti kinachoshikilia volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde bila msaada wa gridi. Vifaa hivyo vinaweza kuzidi bei ya jenereta yenyewe.

Wa pili ni mita. Mita nyingi za malipo ya kabla huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeutumia. Anayejiunganisha kimyakimya hulipia umeme aliouzalisha mwenyewe, na anavunja sheria.

Wa tatu ni makaratasi. Maji ya kuzalisha umeme yanahitaji idhini ya mamlaka ya maji, WARMA. Kuunganishwa ni kwa kibali cha ZESCO. Kabla ya kutia saini, swali la kuuliza ni hili: uniti za Januari zitakuwa hai hadi Oktoba, au zitafutwa kabla? Zikifutwa mapema, ghala halina mlango wa kutokea, na ni nafuu kubaki na jenereta ya kujitegemea.

Gharama ya kujua kama kijito kinafaa ni ndoo na saa. Ila kipimo kifanywe Oktoba, maji yakiwa machache. Kijito cha Januari humdanganya kila mtu.