Nishani za KAR: Mizani ya sonara si bei yake

Mkoani Mara, ambako familia nyingi zina babu au baba aliyepitia jeshini, nishani za zamani bado zimo masandukuni. Zinapotoka, ziwe za Nyasura au za Butiama, njia iliyo karibu ni kwa sonara au mnunuzi wa skrepa, na huko hupimwa kwa uzito. Hapo muuzaji anaweza kupunjika vibaya. Mnunuzi naye anaweza kupunjika, akidhani kila kinachong'aa ni madini ya fedha.

Zilizo nyingi ni za King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa mwaka 1902. Nishani ya Vita Kuu ya Kwanza yenye miaka 1914 na 1918 na mtu aliyepanda farasi ni ya fedha halisi, yenye uzito unaokaribia wakia moja. Ndiyo sababu nyingi duniani ziliyeyushwa bei ya fedha iliporuka mwaka 1979 na 1980. Ile ya Vita ya Pili, yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Nyota za pembe sita, ile ya Afrika na ile ya Burma, hazina fedha hata chembe.

Kinachopandisha bei ni jina. Nishani za 1914-18 zilichongwa ukingoni namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Mnunuzi makini huzungusha ukingo kabla ya kutazama uso, na akikuta umepigwa tupa hushusha bei papo hapo. Za 1939-45 Waingereza kwa kawaida walizitoa bila jina. Kwa hiyo Nyota ya Burma iliyo peke yake ni bidhaa ya kawaida, lakini ikiwa pamoja na kitabu cha kuachishwa jeshi, picha na utepe wake, inakuwa mali ya mtu anayejulikana. Familia inayouza nyota na kutupa makaratasi imetupa sehemu kubwa ya thamani. Kuisugua kwa majivu ili ing'ae ni hasara nyingine.

Nishani za ushujaa ni daraja tofauti kabisa. KAR walikuwa na nishani yao maalumu ya ushujaa, ya fedha, yenye jina la kikosi. Anayeikuta asiharakishe kuuza. Ajue kwanza bei za minada ya London, kama ile ya Spink au Noonans, ambayo matokeo yake hutangazwa hadharani.

Upande wa beji, alama ya kutafuta ni baragumu lenye namba ya batalioni katikati. Namba 6 ndiyo ya Tanganyika. Batalioni hiyo ilizaa Tanganyika Rifles mwaka 1961, jeshi lililovunjwa baada ya maasi ya Januari 1964. Vitu vyake ni vya miaka isiyofika mitatu, na uhaba huo unawavutia pia watengenezaji wa bandia. Beji iliyomiminwa kwenye udongo huwa na vitundu vidogo na herufi butu. Ya kiwandani ina kingo kali.

Sare ni habari nyingine, na hapa mtaji wote unaweza kupotea. Kifungu cha 178 cha Kanuni ya Adhabu kinakataza raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo bila ruhusa, na kinawagusa pia waingizaji na wauzaji. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku 7 kwa raia kusalimisha mavazi hayo, yakiwemo makoti, kofia na mabegi. Mwuza mitumba anayefungua belo na kukuta jaketi la mabakamabaka hawezi kujitetea kwamba ni la jeshi la Ujerumani. Kufanana kunatosha kumtia matatani. Bora ahesabu hasara ya vipande vichache.

Kuna pia mpaka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadhibiti utoaji nje wa vitu vya kale, hivyo mwenye mteja wa Nairobi au London aulize Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kupokea malipo ya awali.