Nyumba iliyofungwa pembe zote

Kwetu Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera, nyumba huanzia kwenye kikao. Ndugu hukutana mwisho wa mwaka, watoto wa Dar es Salaam na Mwanza wakiwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi, na kabla mtu hajataja idadi ya vyumba huulizwa kwanza ni migomba ipi itakayong'olewa. Kibanja cha Babu, yaani shamba letu la nyumbani, hakina nafasi ya bure. Migomba imeshikana na mibuni, chini yake kuna maharage, upande wa juu yapo makaburi. Nyumba ya vyumba vinne ikikaa hapo inameza chakula cha watu. Mama alizunguka na fundi akimwonyesha shina moja moja, na mwishowe akatoa upande wa mibuni mizee iliyokuwa imechoka kuzaa. Migomba ya ndizi za kupika haikuguswa.

Wapo wanaokwepa mjadala huo kwa kwenda kujenga rweya, kwenye ile mbuga ya nyasi iliyo nje ya vibanja. Kule eneo ni wazi na ndugu wa kushauriana nao ni wachache. Lakini udongo wa rweya ni hafifu, ilhali rutuba ya kibanja imetengenezwa na mikono ya vizazi vilivyobeba nyasi kutoka rweya na samadi kutoka zizini na kuzilaza chini ya migomba mwaka hadi mwaka. Kukifunika kibanja kwa zege kunauma, na nadhani ni vizuri kuume. Familia isiyoona uchungu huo itajikuta ina nyumba kubwa na sufuria tupu.

Fedha zetu zilifuata msimu. Robusta ilianza kuiva Mei hivi, ikaanikwa, ikapelekwa chama cha msingi cha ushirika, na kila mwaka ukuta ulipanda kwa kadiri kahawa ilivyolipa. Hapo ndipo butura inapobisha hodi. Mnunuzi anafika kahawa ikiwa bado maua mtini, anatoa fedha taslimu kwa bei ya kutupa, na mavuno yakifika anakuja na magunia yake. Serikali imeikataza biashara hiyo, lakini mtu mwenye boma lisilo na paa, mvua zikiwa mlangoni, hushawishika upesi. Mabati yanapatikana leo, na mwakani hakuna cha kupeleka chama cha msingi wala ada ya shule. Baba Mkubwa alilimaliza suala hilo kikaoni kwa sentensi moja: boma lisubiri, kahawa hatuuzi ikiwa ua.

Likasubiri. Na Kagera kusubiri si jambo dogo, kwa sababu mvua ya huku haina huruma na ukuta ulio wazi. Mji wa Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Kamachumu nayo haikosi mvua. Tofali za kuchoma zilizojengewa udongo huanza kuachana, maana maji yanakula udongo ulio katikati na kuacha tofali zimening'inia. Tulifunika kichwa cha ukuta kwa migomba mikavu na mabati chakavu, tukaweka mawe juu yake.

Wakati huo tetemeko lilikuwa bado midomoni mwa watu. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitikisika upande wa Nsunga, Missenyi, kwa ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya 15 walikufa, mamia wakajeruhiwa na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, ambazo zimelea watoto wa mkoa huu kwa miaka mingi, ziliharibika hadi zikafungwa na wanafunzi wakahamishiwa kwingine. Familia zililala nje, chini ya migomba na maturubai, zikiogopa kuta zao wenyewe.

Kilichoanguka zaidi ni nyumba za tofali zilizokosa kitu cha kuzishika. Ardhi inapotikisika, kila ukuta unasukumwa ukielekea upande wake. Pembe zinafunguka, ile pembetatu ya ukuta chini ya paa inadondoka, na uzito wote unamjia aliye ndani. Lenta inayozunguka nyumba nzima, yaani mkanda wa zege wenye nondo uliopita juu ya kuta zote bila kukatika, huzilazimisha kuta nne kwenda na kurudi pamoja. Nondo za kona lazima zikunjwe na kupishana vya kutosha. Zikikatwa hapo, kazi yote imepotea.

Mafundi wengi wa kwetu huweka lenta juu ya milango na madirisha tu. Wa kwetu naye alipendekeza hivyo.

"Mama, kuzungusha nyumba nzima ni gharama. Tukiweka kwenye matundu tu, fedha itakayobaki inanunua vigae."

"Mwanangu, vigae havijawahi kumzuia mtu asiangukiwe na ukuta."

Mama alizaliwa kwenye mushonge. Zile nyumba za nyasi zilizofika hadi chini zilijengwa kwa nguzo, matete na nyasi za rweya, na kila kiungo kilifungwa kwa kamba. Jirani alikuja na mzigo wake wa nyasi, mwingine akaja na fito, na bibi zetu wakapika. Bei nzuri za kahawa baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilileta tofali na mabati, na watu walifurahia, kwa haki kabisa, nyumba isiyovuja wala kushika moto kirahisi. Ila nadhani katika kuhama huko tulibeba uzito wa tofali tukaiacha kamba. Babu zetu walijua kwamba nyumba ni kufunga. Lenta ni kamba hiyohiyo kwa nyumba ya leo, na ndiyo inayopaswa kununuliwa kabla ya geti, kabla ya vigae, kabla ya rangi ya kuwaonyesha wageni wa Krismasi.

Nondo zetu zililipiwa na Shangazi, anayefanya biashara ya dagaa Kemondo. Fedha yake ilipokewa kwa shukrani, kisha kukawa na minong'ono: mtoto wa kike ataanzaje kuwa na sehemu kwenye kibanja cha ukoo?

Muleba ina jibu lake la muda mrefu. Mwaka 1988 Holaria Pastory, aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi hiyo. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomnyima mwanamke haki anayopewa mwanamume inakwenda kinyume na Katiba. Hukumu hiyo inasomwa na wanafunzi wa sheria nje ya mipaka ya Tanzania, lakini vijijini ilikotoka bado kuna vikao ambavyo havijaisikia. Binti wa Baba Mkubwa aliisimulia mbele ya wazee, taratibu, bila kumkosea mtu heshima. Mzee mmoja aliuliza maswali mengi. Shangazi alikaa kimya muda wote, kisha akasema yeye hauzi kitu, anataka tu asifukuzwe uzeeni.

Sasa tunaishi humo. Mabati ya geji 28 yako juu, kuta za ndani hazijapigwa plasta, sakafu ni ya saruji tupu, na kinachofuata ni mifereji ya paa na tangi la kukingia mvua. Kikao cha mwisho wa mwaka jana kilikubali kuomba hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Maombi yameandikwa majina mawili, la Baba Mkubwa na la Shangazi.